Mchagua Injini si Dereva?

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii nimeifundisha mara nyingi. Niliwatolea wanafunzi wa shule ya upili maana na matumizi yake kabla sijarejea chuoni kusomea shahada ya uzamili, na sikuwahi kuitilia shaka. Shaka ilinijia siku niliyosimama katika gereji moja ya jua kali pale Gongoni, kaskazini mwa Malindi, akiba yangu yote ikiwa mkobani. Kando yangu alikuwa mdogo wangu, amenuna. Mbele yetu lilikuwa gari la marehemu baba, boneti wazi, likisubiri tulichagulie injini.

Msomaji mpendwa, usidhani nimepotea njia nikaingia katika jarida lisilo langu. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, na hadi siku hiyo injini kwangu ilikuwa kelele tu. Lakini gari lile ndilo lililotulea. Baba aliendesha malori ya chumvi kwa miaka mingi. Anayeijua Gongoni anayajua mabwawa yale ambamo maji ya bahari hufungiwa, yakaachiwa jua na upepo hadi chumvi ibaki. Alipostaafu, alinunua Toyota Corolla ya aina ya AE101, yenye injini iitwayo 4A-FE, akawa anabeba abiria na mizigo. Alipofariki, mdogo wangu alishika usukani. Chakula cha mama kikatoka humo, na karo ya mtoto wetu wa mwisho pia.

Kisha maji ya rejeta yakavuja pasipo mtu kutambua. Injini ikapata joto kupita kiasi, hedi ikapasuka na silinda zikachubuka. Fundi alisema haifai tena kutengenezwa. Nami nilikuwa nimeweka fedha za ada ya muhula na za safari ya kukusanya data ya tasnifu yangu. Nilikesha usiku mmoja nikiwaza. Asubuhi nilimwambia mdogo wangu kwamba fedha nitazitoa, ila katika uchaguzi wa injini nami niwe na neno. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Yeye alikuwa amekwisha kuchagua moyoni. Alitaka 4A-GE ya vali 20, ile iliyotolewa na Toyota mwaka 1991, ambayo hutoa nguvu za farasi 160 ikifika mizunguko 7400 kwa dakika. "Dada," aliniambia, "hiyo ndiyo injini. Ukiikanyaga inaimba." Niliona macho yake yaking'aa kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu msiba. Waama, ilikuwa vigumu kumkatalia.

Fundi, mzee aliyemfahamu baba tangu enzi za malori, hakumkatalia wala hakumkubalia. Aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, gari hili linakwenda wapi?"

Jibu tulilijua sote. Linakwenda Malindi kwa lami, likipita Mambrui na daraja la Sabaki, limejaa abiria. Linakwenda Ngomeni penye mchanga, likiwa na magunia. Linakwenda Marafa kwenye miinuko. Aghalabu huwa katika gia ya pili au ya tatu, na ni nadra injini kuzidi mizunguko 3500. Ile nguvu ya mizunguko 7400 ingekuwa kama nguo ya Idi iliyofungiwa sandukuni.

Ndipo fundi alipotutajia injini ya tatu, 7A-FE, iliyopatikana katika magari kama Carina na Caldina. Alinieleza taratibu, naye alikuwa mwalimu hodari kuliko wengi waliowahi kunifundisha. Injini hizi zote ni za ukoo mmoja. Upana wa silinda ni ule ule, milimita 81. Tofauti iko katika mwendo wa pistoni, yaani umbali inaosafiri kutoka chini hadi juu. Katika 4A mwendo huo ni milimita 77, na ujazo wa injini ni sentimita za ujazo 1587. Katika 7A mwendo ni milimita 85.5, na ujazo ni 1762.

"Krenki," alisema, "ni mkono wa spana." Alichukua spana mbili, fupi na ndefu, akaniamuru nilegeze nati moja kwa kila moja. Sikuhitaji maelezo zaidi. Pistoni zina upana ule ule, kwa hiyo moto ukizisukuma kwa shinikizo lile lile, msukumo ni mmoja. Lakini mkono wa krenki ya 7A una urefu wa milimita 42.75, ilhali ule wa 4A una 38.5. Mkono mrefu huzungusha kwa nguvu zaidi. Kwa hakika si mwendo pekee unaoamua mambo. Kemshafti na njia za hewa nazo zina sehemu yake, na waundaji waliipanga 7A-FE itoe nguvu yake kuu ya kuzungusha mapema, karibu na mizunguko 2800, ilhali 4A-FE huisubiri hadi karibu 4800. Dereva wa mchangani anaihitaji ile ya mapema.

Nilipiga hesabu kimoyomoyo nikastaajabu. Ugomvi wa nyumba nzima ulikuwa juu ya milimita 4.25!

Mdogo wangu hakushindwa upesi. Alikuja na hoja ya mwafaka: tutwae bloku ya 7A yenye mwendo mrefu, tuivike hedi ya 4A-GE. Vijana wa nchi nyingi wamefanya hivyo, nalo si jambo la kubuni. Fundi alitabasamu, akaomba kalamu yangu. Aliandika kwamba katika mizunguko 7400, pistoni ya 4A husafiri kwa wastani wa mita 19 kwa sekunde. Ya 7A, kwa kuwa njia yake ni ndefu na muda ni ule ule, husafiri mita 21. Mwendo mrefu unadai malipo yake. Ukitaka kuukimbiza hivyo, sharti ununue pistoni na mikono ya pistoni iliyofuliwa kwa kazi hiyo, bolti madhubuti na kompyuta ya kuitawala injini. "Gari la maonyesho litaweza," alisema. "Hili lina watoto wa kulisha."

Usiku ule nilifungua madaftari yangu ya arudhi, nikacheka peke yangu. Sisi nasi hatugombani juu ya urefu? Mshororo wa utenzi kwa kawaida una mizani 8. Mshororo wa shairi la tarbia lililozoeleka una mizani 16, nane kwa nane. Mwengo wa Athumani, alipotunga Utenzi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728, alikuwa na kisa kirefu cha vita, naye akakibeba kwa mishororo mifupi, beti zaidi ya elfu moja. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, alikuwa na hoja za kurusha na kujibu, akazibeba kwa mishororo mirefu. Hakuna aliyemzidi mwenzake kwa sababu ya urefu. Kila mmoja alijiuliza kwanza amebeba nini na anakwenda wapi. Ufupi haukuwa unyonge wala urefu haukuwa fahari. Katika semina zetu mara ngapi tumeusifu mtindo wa mwandishi pasipo kuuliza mzigo wake?

Tulinunua 7A-FE iliyokwisha kutumika, tukafuata taratibu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama ili nambari mpya ya injini iingie katika hati ya gari. Fedha zilikwisha. Muhula ule sikujisajili. Nilimwandikia msimamizi wangu barua fupi nikamweleza ukweli, na tasnifu ikachelewa kwa muda huo. Sitadanganya kwamba haikuniuma. Nilipowaona wenzangu wa darasa wakiwasilisha mapendekezo yao ya utafiti, nilijiona kama abiria aliyeachwa kituoni.

Mdogo wangu naye alibeba uchungu wake. Kwa majuma mawili alinijibu kwa "ndiyo" na "la" tu. Kisha siku moja alinialika twende Ngomeni kupeleka magunia ya unga. Tulipofika penye mchanga mzito, pale ambapo baba alizoea kutushusha tusukume, nilishika mlango tayari kuteremka. Hakusimamisha gari. Alikanyaga kidogo, injini ikanguruma kwa sauti ya chini isiyo na papara, nasi tukapita. Hakusema neno. Alinitupia jicho tu, akarudisha macho njiani. Haikuimba, lakini ilituvusha.

Naam, mchagua jembe si mkulima. Bado naifundisha methali hii, na bado inamfaa mvivu anayetafuta kisingizio. Lakini sasa naongeza la kwangu: asiyelijua shamba lake hana haki ya kuchagua jembe, na anayelijua hana budi kuchagua, hata kama jembe hilo litamgharimu muhula mzima na kumnyima mdogo wake wimbo alioupenda.