Maswali Yake Yalinichosha... Hadi Yalipokoma

Mume wangu ni mtu wa maswali. Tunaishi Iyunga, Mbeya, jirani na stesheni ya TAZARA. Jioni baridi ikianza kuuma, tumezunguka jiko la mkaa, alikuwa haachi: "Mama watoto, hivi kwa nini treni hii haiwezi kupita kwenye reli ya kati?" Mimi huku nawaza ada na Luku! Namjibu hovyo tu, "Sijui bwana."

Siku moja walikuja dada zake. Katikati ya chakula akaanza tena. Nikamkata: "Hayo maswali yako yanaleta ugali hapa?" Watu wakacheka. Na yeye akacheka. Lakini tangu siku hiyo hakuniuliza kitu.

Mwanzoni nilifurahi, nikasema sasa nimepumua. Mwezi ukapita, wa pili ukaingia... Nyumba ikabaki na "umekula?" na "Luku imeisha." Anarudi, anakula, analala. Jamani, niliogopa. Kumbe yale maswali hayakuwa ya reli. Alikuwa ananiita nikae naye.

Usiku mmoja treni ikapiga honi. Nikajikaza. "Baba watoto, ile reli, kwani kwa nini haiingiliani na nyingine?"

Alinyamaza kwanza. Kisha akainuka, akakaa kitandani. Akaniambia TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa Wachina, ina upana wa milimita 1,067 ili ilingane na reli za Zambia. Reli ya kati, ile ya zamani ya Wajerumani, ina 1,000.

"Tofauti ni kama vidole vinne tu," akasema. "Lakini ilibidi Kidatu pajengwe kituo cha kuhamishia mizigo."

"Vidole vinne tu?"

"Vinne tu."

Nikamwomba msamaha kwa lile la mbele ya dada zake. Akasema yameisha, ila sauti yake ilinionyesha kuwa lilimuuma.

Jumamosi yake tukapanda Coaster ya Tunduma, tukaenda kuona kimondo cha Mbozi. Miaka yote nipo hapa sijawahi kukiona! Pande la chuma la zaidi ya tani 10, limetoka angani, na limejulikana kwa wataalamu tangu 1930. Nikalizunguka, nikaona ajabu.

"Sasa mbona hakuna shimo?" nikauliza.

Akanitazama, akatabasamu. Akasema kilianguka zamani mno, shimo likafutika lenyewe kwa miaka.

Sikudanganyi, msomaji, ada bado inatusumbua. Lakini mwenzio akikuuliza swali lisilo na faida, weka vyombo chini kwanza. Kama hujui jibu, mwambie, "Hebu niambie wewe." Mimi nilichelewa miezi miwili. Wewe je, mara ya mwisho alikuuliza nini?