Funza Kwenye Friji

Mwanamke mwenzangu, ungefungua friji yako ukakuta boksi la funza hai pembeni ya maziwa, ungefanyaje? Mimi nilipiga kelele. Mume wangu akacheka: "Ni chambo tu, mama." Sikuridhika. Kwa miezi miwili alikuwa akitoka nyumbani kwetu Nottingham alfajiri, eti kazini, na kurudi na tope kwenye viatu. Moyoni nilishahukumu: nyumba ndogo hiyo!

Jumamosi moja ya Septemba nikang'ang'ania kwenda naye. Akanipeleka Mto Trent.

Nilitegemea kuona boya likielea, wapi! Kwenye mshipi alifunga kijikapu cha waya chenye risasi, akakishindilia chenga za mkate na funza, ndoana ikiwa karibu yake. Kinazama hadi chini, kisha maji yanakung'uta chakula palepale ilipo ndoana. Bream, samaki bapa mwenye ute mwingi, hula chini. Ukimtafuta juu utakesha. Na lazima urushe sehemu ileile kila mara. Ukirusha huku na kule, samaki nao wanatawanyika.

"Macho kwenye ncha ya fimbo," akaniambia. Tukakaa bega kwa bega, kimya. Baada ya muda, bila kugeuka, akasema: "Kazi waliniachisha tangu Julai. Niliona aibu kukwambia."

Jamani! Nilijiandaa kusikia jina la mwanamke.

"Na kodi ya nyumba umelipaje?"

"Kwa akiba ya kiwanja cha Kigamboni."

Kabla sijajibu, ncha ikatetemeka, ikapinda. Akanipa fimbo. Nikamvuta bream mkubwa huku machozi yananitoka, mikono imejaa ute. Tukamrudisha majini.

Siku ile sikumsamehe. Tuligombana njia nzima. Lakini Jumamosi iliyofuata nilienda tena, na mengine yakatoka, kidogo kidogo. Nyumbani, uso kwa uso, nilikuwa nambana kama polisi. Mtoni macho yako kwenye fimbo, mdomo unafunguka wenyewe.

Amepata kazi nyingine, mshahara mdogo, na kiwanja tumeanza upya. Uvuvi wa mtoni hapa unafungwa 15 Machi hadi 15 Juni. Miezi hiyo tunakwenda na chupa ya chai tu, tunakaa palepale. Funza? Nimewapa droo yao ya chini kabisa.