Ujumbe Uliofika Kabla Yangu

Leo si somo la PHP wala la kusakinisha Linux. Leo nakiri kosa. Lilitokea mwishoni mwa Oktoba 2023 kwenye marathoni ya Nairobi, na nimelinyamazia muda mrefu kwa sababu ni kosa la msimbo wangu mwenyewe.

Kwanza mjue mimi si mwanariadha. Najua wageni wakisikia Mkenya wanafikiria medali, lakini mimi ni Mkenya wa kuketi mbele ya tarakilishi kutwa nzima. Nilianza kukimbia alfajiri ili kupunguza kitambi, miaka miwili ikapita, na muda wangu bora wa nusu marathoni ukawa saa 1 na dakika 55. Nikavimba kichwa. Nikajiandikisha kwa kilomita 42.195.

Tatizo likawa Mama. Baba alianguka shambani mwaka 2011, moyo ukasimama. Mama siku hiyo alikuwa safarini. Tangu hapo haamini kwamba mtu mzima anaweza kukimbia bila kufukuzwa na akabaki salama. Nilipompigia simu kumweleza, alinyamaza, kisha akasema, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni, mwanangu." Nikamwahidi nitamjulisha kila hatua.

Lakini sikutaka kukimbia na simu mfukoni. Mprogramu afanyeje? Anaandika programu :-)

Ilikuwa programu fupi kwenye seva yangu. Ingemtumia Mama ujumbe mfupi kila kilomita 10, na mmoja wa mwisho. Ilijuaje nilipo? Haikujua. Nilichukua ile saa 1 na dakika 55, nikazidisha kwa 2, nikapata saa 3 na dakika 50. Nikaigawanya njiani, nikaweka nyakati kwenye cron, nikalala. Ujumbe wa mwisho ulisema: "Mama, nimemaliza salama."

Wenye kujua hesabu za mbio tayari wanacheka. Mhandisi mmoja Mmarekani, Pete Riegel, alichapisha mwaka 1977 kanuni ambayo wakimbiaji huitumia hadi leo: umbali ukiongezeka mara 2, muda hauzidishwi kwa 2, bali kwa 2 yenye kipeo cha 1.06, yaani karibu 2.085. Kwa hesabu hiyo ningemaliza kwa karibu saa 4. Tena hiyo ni kwa mtu aliyefanya mazoezi ya umbali huo, na mimi sikuwa nimewahi kupita kilomita 26.

Tulianzia Uhuru Gardens, tukaingia Southern Bypass. Wiki tatu tu kabla ya hapo, marehemu Kelvin Kiptum alikuwa ameweka rekodi ya dunia mjini Chicago kwa saa 2, sekunde 35. Nusu ya kwanza aliikimbia kwa dakika 60 na sekunde 48, ya pili kwa dakika 59 na sekunde 47. Yaani alizidisha mwendo alipotakiwa kuchoka. Mimi nilifanya kinyume. Nilipita nusu kwa saa 1 na dakika 53, nikiwa mbele ya ratiba yangu, nikijiona Kiptum mdogo.

Kilomita ya 30 niliifikia kwa saa 2 na dakika 48. Hapo miguu ikakataa. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini kwa jina la glaikojeni, na akiba hiyo kwa wengi hukaribia kwisha baada ya kilomita 30 hivi, hasa ukianza kwa pupa. Mafuta ya mwilini yapo tele, ila hayatoi nguvu kwa kasi ile. Nikaanza kutembea. Nikakimbia kidogo, nikatembea tena. Paja la kushoto likakaza kama kamba mbichi.

Karibu na kilomita ya 36 niliketi kando ya barabara. Niliamua kusubiri gari la kubeba walioshindwa, bila aibu yoyote. Ndipo nikatazama saa ya mkononi: saa 3 na dakika 50.

Wakati ule ule, seva ilikuwa inamwandikia Mama kwamba nimemaliza salama. Na sikuwa na njia ya kuizuia.

Nilijua atakachofanya. Atampigia dada yangu, aliyekuwa akiningoja kwenye mstari wa mwisho na simu yangu mkobani, aseme, "Mpe niongee naye." Na dada atasema sijafika. Nikainuka. Si ushujaa. Nilikuwa nimeshasema nimemaliza, basi ilibidi nimalize.

Kilomita 6 zile zilinichukua dakika 57. Nilipokanyaga mkeka wa mwisho, saa ilisoma 4 na dakika 47. Dada hakunipongeza. Alinipa simu, upande wa pili Mama analia.

"Mbona hukuja kwenye simu? Ulisema umemaliza."

Nikamweleza kuhusu programu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hata siku ile ya baba yako waliniambia kwa simu kwamba anaendelea vizuri."

Nilikaa chini kwenye nyasi na medali yangu. Nilikuwa nimesahau. Ndugu walimficha ili afike nyumbani bila kuzirai njiani. Kwa dakika 57 Mama alidhani anafanyiwa hivyo tena, safari hii na mimi.

Baadaye nilifikiria sana ule mkeka. Ndani yake kuna antena, na kwenye namba ya kifuani kuna chipu ndogo isiyo na betri. Chipu huamshwa na mawimbi ya redio ya mkeka, ikajibu kwa namba yake tu. Usipoukanyaga mkeka, haisemi kitu. Haikadirii, haikutakii mema. Programu yangu ilikuwa na hesabu mbovu, ndiyo, lakini hata ningetumia kanuni ya Riegel kosa lingebaki pale pale: ilisema "nimemaliza" kuhusu jambo ambalo hakuna aliyeliona. Makadirio yalivaa nguo za taarifa, tena yakamwendea mtu anayeniamini.

Tangu siku hiyo nimepitia mifumo ninayoitunza kazini, na nimekuta ndugu za ujumbe ule wengi kuliko nilivyotaka. "Malipo yamepokelewa" kabla benki haijajibu. "Barua imetumwa" wakati bado iko foleni. Nimebadilisha moja baada ya nyingine. Pale tunapokisia, tunasema tunakisia.

Mwaka 2024 nilikimbia tena, nusu marathoni tu. Mama alikubali kwa sharti moja: asiandikiwe na mashine. Dada alisimama mwishoni, akaniona kwa macho yake, ndipo akampigia. Mama alitaka kusikia pumzi zangu kwanza. Nilihema kwenye simu kama mbuzi, akacheka, akakata.