Kutoka Jibondo hadi Feri: Safari ya Samaki na Bei Yake

Soko la samaki la Feri lipo Magogoni, mdomoni mwa bandari ya Dar es Salaam, jirani na kivuko cha Kigamboni. Majengo yake yaliyojengwa kwa msaada wa Japani yalianza kutumika mwaka 2002. Muda mfupi baada ya swala ya Alfajiri mnada huwa umekwisha pamba moto. Dalali hutaja bei, wanunuzi humpandishia, na kabla mtu hajamaliza kikombe chake cha kahawa fungu limeshapata mwenyewe. Wenye mahoteli huchagua nguru na kolekole, na akina mama wakaangaji hujipatia vibua na changu wadogo.

Sisi tulitaka kujua aliyewavua samaki hao amepata nini. Swali hilo likatufikisha Nyamisati, tukavuka hadi Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, kisha tukapanda mashua kwenda kisiwa cha Jibondo.

Jibondo ni kisiwa cha mawe ya matumbawe. Udongo ni haba, na maji matamu ni ya tabu mno. Kwa vizazi vingi wenyeji wameyachota katika kisiwa kikubwa na kuyavusha kwa mashua. Mafundi wao wa kuunda vyombo wana sifa ya siku nyingi, lakini unga, mchele na ada ya shule hutoka baharini.

Sisi wa mjini huuangalia mwezi zaidi Ramadhani na Idi zinapokaribia. Wao huufuata mwaka mzima. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa mbali, miamba ikabaki wazi, na wanawake hutoka na vijiti kutafuta pweza mashimoni. Wavuvi wa dagaa kwa taa hungoja giza. Mbalamwezi ikitanda, taa hazina kazi. Kusi likivuma kwa nguvu, mashua ndogo hubaki pwani.

Hayo yote huyapokea kwa subira. Kinachowaelemea ni barafu. Samaki asiye na barafu hawezi kungoja bei, na barafu, pamoja na chombo cha kumvushia samaki, mara nyingi imo mikononi mwa tajiri. Huyo ndiye pia aliyekopesha nyavu na mashine ya boti, na kwa mkopo huo mvuvi hufungwa kumuuzia yeye peke yake, kwa bei aitakayo yeye. Nahodha mmoja mzee alituambia, "Wanangu, bei ya Feri naijua, napigiwa simu. Lakini samaki si wangu tangu siku niliyochukua nyavu."

Maneno hayo yalitukumbusha mafundisho ya Mtume (s.a.w.), aliyekataza watu kuwatokea njiani wenye bidhaa na kuzinunua kabla hawajafika sokoni. Katika mapokezi ya Imam Muslim, mwenye mali aliyeuza hivyo amepewa hiari atakapofika sokoni. Nahodha wetu hafiki. Ujuzi wa bei anao, lakini hiari hana.

Hatusemi kwamba kila tajiri ni dhalimu. Barafu ikiyeyuka njiani hasara ni yake, na bila yeye samaki wengi wangeozea ufukweni. Tunachohoji ni mkopo unaomnyima mkopaji haki ya kupatana bei, na tungependa masheikh wa Mafia waulizwe juu yake, tena waulizwe na matajiri wenyewe. Ajabu ni kwamba ubia si jambo geni kwa watu hawa. Pato la chombo, baada ya kutolewa gharama, hugawanywa mafungu: fungu la chombo, la nyavu, na la mabaharia. Siku ya kukosa, hukosa wote. Mwenye nyavu angeweza kuridhika na fungu lake kwa utaratibu huohuo, akamwachia mvuvi samaki wake ayapeleke mafungu yake mnadani.

Huko Jibondo tuliwakuta vijana wanne waliochangishana wakanunua sanduku kubwa la barafu. Hawakuwa na deni la mtu. Tulirudi nao hadi Kilindoni, mashua ikiwa imejaa changu, tasi na pweza wachache. Samaki wao waliwekwa sakafuni mbele ya kila mtu, wanunuzi watatu wakashindana, na bei ikapanda mara nne kabla ya dalali kuifunga. Waligawana fedha palepale, fungu la sanduku likiwekwa kando kwa ajili ya barafu ya kesho. Mmoja alikwenda kununua unga na mabati mawili, wenzake wakabaki kuyalinda madumu ya maji, wakingoja maji yajae.