Breki ya Kukanyaga Mara Tatu

Katika parokia yetu hapa Bunia tunayo motokari moja ya zamani, Land Rover ya mwaka 1968. Imechukua saruji, wagonjwa, waimbaji na magunia ya mihogo, nasi twaipenda kama mzee wa nyumbani. Lakini siku moja nusura ituue, na kosa lilikuwa letu.

Kwa miezi mingi breki yake ilikuwa haishiki vema. Ukiweka mguu, kanyagio lilizama polepole hata chini. Ukikanyaga mara tatu upesi, lilipanda na gari likasimama. Basi tukazoea. Hata kijana aliyekuja kujifunza kuendesha tulimwambia, "Hili hukanyagwa mara tatu." Tulichungulia chini ya gari, hatukuona tone la mafuta, tukasema hakuna ubaya.

Siku hiyo tulikuwa tukienda Kasenyi na waimbaji tisa. Anayeijua njia ile ajua kwamba baada ya Bogoro nchi hukatika, na barabara huteremka kuelekea Ziwa Albert, lililo chini ya Bunia kwa mita 600 na zaidi. Hapo tukakanyaga mara tatu, mara tano, mara kumi: hakuna kitu! Kwa bahati tulikuwa katika gia ya kwanza. Tukavuta breki ya mkono, ambayo katika Land Rover hizo haitumii mafuta, bali hukaza mhimili utokao kwenye giaboksi. Gari likasimama, ubavu umeegemea ukuta wa udongo. Waimbaji walishuka kimya.

Fundi alifungua bomba kuu la breki, lile linalosukumwa na kanyagio ili kupeleka mafuta kwenye magurudumu. Ndani mna pistoni yenye mipira. Mpira ukichakaa, mafuta hupita nyuma yake humo humo ndani, wala hayadondoki nje. Na gari letu lina njia moja tu ya mafuta: bomba hilo likifa, magurudumu yote manne hukosa breki.

Tukamwomba abadili mpira tu, maana fedha ilikuwa kidogo. Akatwambia, "Mwalimu, ingiza kidole." Tukasikia vishimo vya kutu. Mafuta ya breki hunywa unyevu. Yakikaa miaka mingi bila kubadilishwa, chuma huliwa, na mpira mpya ungekwaruzwa mara moja. Basi tukaagiza bomba jipya kutoka Kampala.

Lilipokwisha kufungwa, tulitoa hewa, kwa maana hewa hubonyea, mafuta hayabonyei. Tulianza na gurudumu lililo mbali kabisa na bomba. Fundi alilala chini akiita, "Kanyaga! Shika!" Akalegeza skurubu, povu likatoka, akakaza tena: "Achia!" Kila mara tuliongeza mafuta kabla chombo hakijakauka. Mwisho tukakanyaga tukihesabu hata 60. Kanyagio halikuzama.

Fundi akauliza, "Nani aliwafundisha kukanyaga mara tatu?" Hatukuwa na jibu. Jioni ile tulikwenda nyumbani kwa yule kijana, tukamwambia, "Mwanangu, tulikufundisha vibaya. Kanyagio likizama, usiendeshe. Peleka gari kwa fundi."