Fundo la Kanga

Somo la mkanda wa gari nililifundisha kwa mbwembwe. Shule yetu huku Nyamigogo haina gari, basi nikapanga viti vinne mbele ya darasa, nikachana kanga kuukuu, nikawafunga wanafunzi mmoja mmoja huku tukiimba wimbo wa mkanda nilioutunga mwenyewe. Aliyepiga fundo gumu alipigiwa makofi. Kichwani nilikuwa na ajali ya Karatu, ile ya Mei 2017 iliyoua wanafunzi zaidi ya 30 ndani ya basi dogo, nikajiona naokoa maisha.

Watoto wale hawapandi gari. Wanatembea, na wakibahatika wanapakizwa bodaboda, mishikaki. Na kwa nini mkanda unaokoa, sikusema hata neno. Ungeniuliza siku ile ningekujibu kuwa ni sheria. Mwenyewe nikipanda mchomoko, gari dogo la abiria, kwenda Biharamulo mjini, huuvuta mkanda kifuani tukikaribia trafiki, tukishampita nauachia. Mwalimu ndiye huyo.

Siku chache baadaye, jioni, akanipita mwanafunzi wa darasa la pili kwenye bodaboda, kabanwa kati ya dereva na dada yake, kanga imemzunguka yeye na dereva. Akanionyesha fundo. Nikacheka, nikampigia makofi.

Pikipiki iliteleza kwenye kokoto, mteremkoni, mbele ya macho yangu. Dada mtu alirushwa majanini, akainuka na michubuko. Mdogo alibaki palepale, mguu chini ya ekzosi ya moto, na dereva aliyefungwa naye hakuweza kujinasua. Nilihangaika na lile fundo nikashindwa, mpaka jirani alipokuja na panga akaikata kanga. Lilikuwa fundo gumu, kama nilivyofundisha.

Ndani ya gari mkanda unakubakiza kitini, na bodi inapokea kishindo kabla yako. Pikipiki haina bodi. Ukifungwa nayo, inaanguka nawe na kukulalia. Tena kanuni za bodaboda za mwaka 2010 zinakataza kabisa kupakia mtoto wa chini ya miaka 9. Nilizisoma baada ya ajali.

Sasa nafundisha kutembea: upande wa kulia, unatazamana na magari yanayokuja, na wakifika barabara kuu ya Lusahunga–Rusumo, yenye malori ya Rwanda na Burundi, wasivuke bila mtu mzima. Darasani nilikiri kwamba niliwafundisha vibaya. Mmoja wa nyuma akauliza, “Mwalimu, sasa mbona ulimpigia makofi?”

Mama wa yule mwanafunzi ananishukuru hadi leo kwa kumkimbiza mwanawe zahanati. Aliniletea mkungu wa ndizi, nikala. Habari ya makofi sijamwambia, ingawa darasa zima linaijua, na watoto wa darasa la pili hawana siri.