Kwetu Mkongo, Kwao Mtanzania

Dar es Salaam kuna kituo cha daladala kinachoitwa Sinza kwa Remmy. Makonda hukitaja kutwa nzima, na vijana wengi hushuka pale bila kujiuliza huyo Remmy alikuwa nani. Sisi wa umri wangu tunamjua: Dokta Remmy Ongala, mwimbaji wa Super Matimila, aliyefariki dunia tarehe 13 Desemba 2010. Mtaani tulimwita Mkongo. Ukiuliza Mkongo wa wapi, unajibiwa "huko huko Kongo", kana kwamba nchi ile ni kitongoji cha nyumba kumi. Alizaliwa mwaka 1947 pande za Kindu, katika Maniema. Siku zote nilitamani kuiona Maniema hiyo, na nilipopata nafasi nikaamua kuingia kwa mlango wake wa kusini, Kabambare na Kasongo, kwa njia ya misafara ya zamani iliyotoka Ujiji.

Boti ya mizigo iliondoka Kigoma jua likizama, imeshiba saruji, sabuni na mabeseni ya plastiki. Abiria tulilala juu ya mifuko ya saruji. Mama mmoja mfanyabiashara wa Kalemie, aliyejinyoosha kando yangu akiwa amejifunika kitenge hadi usoni, aliniuliza nafuata nini Maniema. Dhahabu? Nikamwambia hapana, nafuata habari za mwimbaji. Akafunua uso ili anitazame vizuri. "Kwa muziki batu banaenda Kinshasa, papa. Kabambare banaenda kwa dhahabu." Hakunisadiki. Mpaka tunaingia Kalemie asubuhi alikuwa bado ananinong'oneza bei ya gramu.

Nilimwelewa, lakini sisi tulioko upande wa pili wa ziwa tumekula muziki wa Kongo miaka na miaka. Miaka ya 1970 wanamuziki walimiminika kuja Afrika Mashariki. Maquis walitoka Lubumbashi wakapiga kambi Dar es Salaam. Super Mazembe wakakaa Nairobi na kutoa ule wimbo "Kassongo" ambao Wakenya hawajauacha hadi leo. (Nimalize ubishi hapa hapa: Kasongo wa wimbo ule ni mtu, si mji. Rafiki zangu wa Nairobi walinisumbua sana na hilo kabla sijaondoka.) Mzee Makassy naye alikuwa na orkesta yake Dar, na mwaka 1978 akampokea kijana wa ukoo wake, Remmy. Alikuja, akabaki.

Kutoka Kalemie nilipanda pikipiki. Tulielekea kaskazini kwa njia ya Bendera na Lulimba, kisha tukageukia magharibi, na kuanzia hapo barabara ikawa mtaro wenye maji. Dereva wangu, kijana mwembamba aliyeniita "mukubwa", alikuwa amefunga begi langu kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu, akaikaza hivi kwamba begi halikutikisika. Aliyetikisika ni mimi. Kila baada ya muda tulikuta bariyeri: mti umelazwa juu ya mapipa mawili matupu ya mafuta, mtu anatoka kibandani, anataka karatasi, kisha anataka kitu kidogo cha kumwezesha kuisoma hiyo karatasi.

Kilichonishangaza zaidi ni baiskeli. Kwetu, baiskeli iliyobebeshwa kupita kiasi ni ile ya mkaa inayoingia Dar alfajiri kutoka Kisarawe. Ya huku ni hiyo mara tatu, na hakuna anayeipanda. Tulipumzika kwenye kilima pamoja na vijana wawili waliokuwa wakisukuma moja, nikaichungulia kama fundi. Pedali zimeng'olewa, na mnyororo pia, maana ni uzito wa bure. Fimbo moja imefungwa kwenye usukani ili mtu aongoze akitembea pembeni; nyingine imesimama nyuma ya kiti, ya kusukumia. Katikati kuna magunia ya chumvi, katoni za sabuni na, juu kabisa, kuku wawili hai waliofungwa miguu, wametulia kama abiria wa daraja la kwanza. Nikauliza breki iko wapi. Mmoja akanyanyua mguu kunionyesha soli ya kandambili iliyokwanguka nusu: wakiteremka, anaibana juu ya gurudumu la nyuma. Walikuwa wanaelekea Kasongo, nao hawakuona cha ajabu hapo. Cha ajabu kwao ni mtu mzima kutoka Dar es Salaam kusafiri mbali hivyo bila bidhaa.

Nikiwa mgongoni mwa pikipiki nilikuwa na muda mwingi wa kumfikiria Remmy. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba mama yake alikuwa amefiwa na watoto kabla yake, akaenda kwa mganga kutafuta msaada, na kwamba yeye alipozaliwa alikuwa na meno mawili ya mbele tayari, dalili ya mtu wa uganga. Ndiko lilikotoka lile "Dokta". Dar tulidhani ni madoido ya jukwaani tu. Lakini hadithi kama hiyo ukiikumbuka huku, kati ya msitu na mbuga, vijiji vya udongo na nyasi, zahanati ikiwa mbali kwa mguu, haichekeshi. Ni mama anayetafuta njia ya mtoto kupona. Baba yake alikuwa mtu wa ngoma. Wazazi wote wawili walifariki Remmy akiwa bado kijana, na gitaa likawa riziki. Alipokuja kuimba habari za kifo na za mnyonge mjini kwetu, watu walisema jamaa ana huzuni nyingi. Ana huzuni nyingi! Ungekuwa wewe?

Kabambare niliifikia jioni, matope hadi magotini. Ni mji mdogo, makao ya wilaya yao wanayoiita teritwari, nchi ya Wabangubangu, na nguvu zake nyingi zimehamia kwenye dhahabu ya pande za Salamabila. Umeme ni wa paneli za jua, kwa hiyo usiku unaona vitaa vidogo vidogo na juu yake nyota zote. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugali wa muhogo mpaka mwisho wa safari. Mama wa nyumba niliyofikia akaniletea wali.

Wali mweupe, uliochambuka vizuri, pamoja na samaki mkavu na sombe, yaani kisamvu chetu, kilichopikwa kwa mawese. Nilitafuta ladha ya nazi kwa ulimi, sikuipata, na baada ya matonge matatu nikaacha kuitafuta. Mpunga wanalima wenyewe, kwenye mashamba ya mvua. Uliletwa na wafanyabiashara wa Pwani katika karne ya 19, na tangu hapo umekuwa wao. Alfajiri nikaamshwa na adhana. Nililala macho wazi nikiisikiliza, bila kipaza sauti, sauti ya mzee mmoja tu, na kwa dakika kadhaa sikuwa na uhakika kama sijarudi Bagamoyo.

Mahali hapa ndipo Livingstone alipolazwa na vidonda vya miguu kwa miezi mingi, kuanzia katikati ya 1870 hadi mwanzoni mwa 1871, akipaita Bambarre. Baada ya miguu yangu kulowa siku nzima ndani ya viatu, nilimhurumia kwa mara ya kwanza. Mbele kidogo tulikutana na Luama, mto alioufuata Stanley mwaka 1876 hadi unapoingia Lualaba. Dereva wangu hakuwa na habari na wazungu hao. Alichojua ni kwamba Luama ikijaa, nauli inapanda.

Basi tukaingia Kasongo, siku ya soko, chini ya miembe mirefu. Nilikuwa nimetarajia kujiona mgeni. Badala yake nikaona kofia za mkono, kanzu, kina mama wakipepeta mchele kwenye nyungo, na wazee barazani wakibishana juu ya tarehe ya maulidi. Nikakaribishwa chai. Wakajitaja mmoja mmoja: Shabani, Asumani, Sumaili, Ramazani wawili. Kiswahili chao kina njia zake, na mara kwa mara niliomba warudie, lakini hakikuwa cha kuazima. Wamekizungumza kwa vizazi, na bibi zao walibembeleza watoto kwacho.

Hapo ndipo jina kamili la Remmy, Ramadhani Mtoro Ongala, lilipokaa sawa kichwani mwangu. Dar tulikuwa tumejiaminisha kwamba Ramadhani alilipata kwetu, na kwamba Kiswahili cha nyimbo zake ni zawadi ya Manzese na Sinza. Kumbe alikuja nacho. Mtoto wa Maniema anapofika Pwani anafuata njia ambayo maneno, wali na majina vilishaipita kabla yake, vikija upande wa pili.

Namna vilivyokuja si habari ya kufurahia. Nyumba ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ipo Shangani, Unguja, na watalii huonyeshwa mlango wake uliochongwa. Makao yake ya huku yalikuwa Kasongo ya kale, mahali panapoitwa Tongoni, jina nililodhani ni la Tanga peke yake. Toka miaka ya 1870 mji ule ulikusanya pembe na watu, ukatajirika, na tarehe 22 Aprili 1893 ukaangukia mikononi mwa askari wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, Sefu, mwana wa Tippu Tip, akishindwa vita. Nilimuuliza mzee mmoja pale barazani watu wa hapa wanamkumbukaje Tippu Tip. Alimimina chai yake kwanza. "Bibi ya baba yangu alinunuliwa," akasema. "Na babu ndiye alimununua. Sasa unataka mimi nikamatie nani hasira?" Sikuwa na jibu, na wala yeye hakulingoja, aliniongezea sukari.

Jioni nilikwenda kwenye kibanda cha kuchaji simu. Kijana mwenye kibanda ana kompyuta ya mkononi, betri ya gari na nyaya kama utumbo, na kwa franka chache anakujazia nyimbo kwenye kadi. Fally Ipupa anao wote. Diamond Platnumz anao, tena hadi wa wiki ile. Nikamuuliza kama ana Remmy Ongala. Akaandika, akatafuta, akatikisa kichwa. Mzee wa barazani, aliyekuwa amenifuata kwa udadisi, ndiye aliyelikumbuka jina. "Remmy namujua. Zamani tulimusikia kwa redio. Lakini huyo ni mutu ya Tanzania."

Nilicheka mpaka nikaegemea nguzo. Nikamweleza: ni wa kwenu, wa Kindu, Ramadhani Mtoro. Akakataa. Watu wakajaa. Ikabidi nitoe simu yangu na kuwasimulia mambo yote: alivyotoka kwa Makassy akaingia Matimila, bendi yenye jina la kijiji cha kusini mwa Tanzania, walivyokwenda Ulaya na tamasha la WOMAD mwaka 1988, walivyorekodi Uingereza kwa kampuni ya Real World, albamu ya Songs for the Poor Man mwaka 1989 na Mambo mwaka 1992, alivyougua kisukari na kumalizia maisha yake akiimba injili. Nikawapigia "Sauti ya Mnyonge", kisha "Kipenda Roho". Magitaa yalipoanza kufukuzana, kijana wa kibanda, aliyekuwa amenuna kwa kukosa wimbo, akaanza kutikisa bega. Mama mmoja muuza karanga akasema gitaa ni la huku kabisa, ila huyu bwana anahubiri mno. Mwingine akataka kujua kama Wazungu walimlipa vizuri. Nikawaambia pia habari ya "Mambo kwa Soksi", wimbo alioutunga kuhimiza kondomu wakati ukimwi ulipokuwa ukituua na watu wakiona haya kuutaja, hata redio ya taifa ikakataa kuupiga. Wakaudai. Ukapigwa mara mbili, vijana wakipiga vigelegele na wazee wakitazama pembeni.

Mzee akakubali hatimaye kwamba mtu huyu huenda ni wa Kindu, kwa sharti kwamba atamuuliza shemeji yake aliyeko huko. Akatoa kadi yake ndogo kutoka kwenye pindo la kofia na kumkabidhi kijana. "Muwekee zote," akasema. "Ila ile ya soksi uache. Wajukuu wangu banashikaka hii simu."